Upinde wa Nab' na Upinde wa Mkole: Miti ya Mata kutoka Hijazi hadi Songwe



Ndugu msomaji, makala hii imetokana na swali. Tulikuwa Tunduma, mji wa mpakani ambako malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni usiku na mchana, tukisomesha mlango wa mawindo na uchinjaji katika fiqhi ya Imamu Shafi. Darsa lilipokwisha akasimama kijana mmoja, mwenyeji wa bonde la Momba. "Sheikh," akasema, "babu yangu alisilimu akiwa mtu mzima, naye alikuwa mwindaji. Upinde wake upo hadi leo, ni wa mti wa mkole. Ustadhi mmoja ametuambia kuwa huo ni upinde wa porini usio na nafasi katika dini, na kwamba upinde wa Sunna ni ule wa Kiarabu tu. Je, ndivyo? Na nyama aliyotulisha babu kwa upinde ule ilikuwa halali?"

Tulimjibu kwa maneno machache: kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha, na kwamba nyama ya mawindo ina masharti yake. Jibu hilo halikuwa na kosa, lakini halikumtosheleza, nasi tuliona usoni mwake kuwa amekaa chini bila kuridhika. Usiku ule tulipofungua vitabu ndipo tulipobaini kuwa tulikuwa tumeliruka jambo kubwa. Kuujua mti uliotengenezewa upinde si habari ya mafundi peke yao. Ni habari inayoingia mpaka katika nyama iliyomo chunguni.

Pinde za Mtume (s.a.w.)

Ubora wa kutupa mishale ni jambo mashuhuri kwa wasomaji wetu. Uqba bin Amir (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.), akiwa juu ya mimbari, aliifasiri nguvu ambayo waumini wameamrishwa kuiandaa kuwa ni kutupa, na akalikariri neno hilo mara tatu. Ameipokea Imamu Muslim. Katika Bukhari, Salama bin al-Akwa' (r.a.) anasimulia jinsi Mtume alivyowapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawapa moyo kwa kuwakumbusha kuwa baba yao, Ismail (a.s.), alikuwa mtupaji hodari. Na ipo hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, ambayo wanazuoni wamehitilafiana juu ya daraja yake, kwamba kwa mshale mmoja Allah huwaingiza Peponi watu watatu. Wa kwanza kutajwa ni yule aliyeutengeneza akitaraji kheri. Fundi ametangulizwa mbele ya mtupaji. Tungependa mafundi wetu wa vijijini walisikie hili mara nyingi zaidi kuliko wanavyolisikia.

Lakini pinde hizo zilikuwa za miti gani? Waandishi wa tarehe hawakulinyamazia hilo. At-Tabari anasimulia kuwa katika silaha zilizopatikana kwa Banu Qaynuqa', baada ya Badr, Mtume (s.a.w.) alichukua pinde 3: mmoja ukiitwa ar-Rawhaa, wa pili al-Baydhaa uliokuwa wa mti wa shawhat, na wa tatu as-Safraa uliokuwa wa mti wa nab'. Safraa maana yake ni wa rangi ya manjano, na hiyo ndiyo rangi ambayo watu wa lugha wanausifia ubao wa nab'. Upinde wake mwingine ni al-Katum, yaani mficha siri, kwa sababu haukuwa na kelele unapoachia mshale. Huu nao unatajwa kuwa ni wa nab'. Siku ya Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625), aliutumia mpaka ukavunjika ncha, na Qatada bin Nu'man (r.a.) akauchukua akabaki nao. Siku hiyo hiyo Abu Talha (r.a.), aliyekuwa mtupaji mwenye nguvu nyingi za kuvuta, alivunja pinde mbili au tatu akimkinga Mtume, kama ilivyo katika Bukhari.

Tutue hapa kidogo. Pinde zilizoshikwa na mikono mitukufu kuliko yote zilivunjika kama zinavyovunjika pinde za watu wengine, kwa sababu mti una mpaka wake wa kuvumilia. Ndiyo maana Waarabu walikuwa wakiichambua miti yao ya pinde kwa uangalifu mkubwa. Mwanalugha al-Mubarrad, wa karne ya 3 Hijria, amesema kuwa nab', shiryan na shawhat ni mti mmoja unaobadilika jina kwa mahali unapoota: uliopo kileleni mwa mlima ndio nab', wa ubavuni ndio shiryan, na wa chini bondeni ndio shawhat. Waliokuwa bora kwao ni wa kileleni. Na upinde wenyewe waliupa majina kwa namna ulivyotolewa mtini: ule wa tawi zima lisilopasuliwa waliuita qadhib, na ule uliotokana na kipande cha mti uliopasuliwa kwa urefu wakauita filq.

Mti huo ni upi?

Wataalamu wengi wa mimea ya Bara Arabu wanautambua nab' kuwa ni Grewia tenax. Msomaji asikimbizwe na jina hili la kitaalamu, maana jamii hiyo ya Grewia ndiyo ambayo kwa Kiswahili tunaiita mkole. Mikole ni ya aina nyingi. Ipo ya vichaka na ipo ya miti midogo, na mingi huzaa vitunda vidogo ambavyo watoto wachunga mbuzi wanavifahamu vizuri kuliko sisi. Grewia bicolor imeenea katika sehemu kavu za nchi yetu, na watu huitumia kwa mipini, fimbo, pinde na mishale. Hata Grewia tenax yenyewe, ndugu wa Hijazi, inaota katika nyika kavu za Tanzania.

Kwa hiyo upinde ambao ustadhi yule aliuita wa porini umetoka katika ukoo mmoja wa miti na as-Safraa na al-Katum. Hatusemi kuwa umepata baraka kwa sababu hiyo. Ubora wa kitu katika dini hauji kwa nasaba ya mti. Tunasema tu kwamba aliyeudharau hakuuliza kwanza pinde za Madina zilikuwa pinde gani. Nazo, katika asili yake, zilikuwa pinde za mti mtupu, kama ule wa babu. Upinde wa pembe, kano na gundi ni jambo jingine, nasi tutaueleza punde.

Wiki ile ile tulimfuata kijana hadi kwao. Anayetoka Tunduma, mji ulio kwenye nyanda za juu zenye baridi, huteremka kuelekea Kamsamba na bonde la Ziwa Rukwa, na joto humpokea njiani. Tukakumbuka maneno ya al-Mubarrad: kilele, ubavu, bonde. Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mbeya mwaka 2016, umeumbwa kwa namna hiyo hiyo, na mzee tuliyemkuta alikuwa na elimu inayofanana nayo bila ya kusoma kitabu chochote cha lugha.

"Mkole wa bondeni penye maji hukua upesi," alituambia, "na unaokua upesi ni mlaini. Mimi nilikuwa nautafuta kwenye mawe, mahali unapopata tabu." Alituonyesha upinde wake uliokuwa umelala juu ya kenchi, rangi yake ikiwa kahawia kwa moshi wa miaka mingi. Ulikuwa na urefu wa kumfika kidevuni. Akasema huchagua shina lililonyooka, nene kama kifundo cha mkono, lisilo na fundo wala alama ya kuunguzwa na moto wa nyika. Hulikata kiangazi majani yakiwa yamepukutika. Hulimenya gome na kulikausha kivulini kwa muda mrefu, kwani jua hulipasua. Kisha huchonga upande mmoja tu.

"Upande gani?" tukauliza.

"Tumbo, mashehe zangu. Mgongo usiuguse."

Katika neno hilo la mzee mna fani nzima ya pinde. Upinde unapovutwa, upande unaotazama shabaha, ndio mgongo, hunyooshwa kwa nguvu. Na upande unaomtazama mtupaji, ndio tumbo, hubanwa. Nyuzi za mti zikikatwa mgongoni kwa panga au tezo, mpasuko huanzia hapo hapo. Mti mzuri wa upinde ni ule ambao nyuzi zake ndefu zinavumilia kunyooshwa bila kukatika na kubanwa bila kujikunja, kisha unarudi ulivyokuwa. Mkole una sifa hiyo, na zaidi ya hapo si mzito kupita kiasi.

Tulimtajia mpingo, tukidhani kuwa mti mgumu kuliko yote ndio bora kuliko yote. Mzee alicheka. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na upinde wenye mikono mizito hutumia nguvu za mtupaji kujisukuma wenyewe kabla ya kuusukuma mshale. Akasema mpingo ni wa rungu, na wa ncha ya mshale kama huna chuma. Mninga ni wa mlango na kitanda. Mkulagembe, mti wa miiba ambao wakulima huuchukia mashambani, aliwahi kuutumia, nao ni imara sana, lakini ni taabu kupata shina lake lililonyooka kwa urefu wa upinde. Alihitimisha kwa kusema kuwa mkole ukikosekana huwa tayari kusubiri mwaka mwingine.

Si wazee wa Momba peke yao wenye uchaguzi huu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao ni katika wawindaji mashuhuri wa nchi yetu, hutumia sana mti uitwao kitaalamu Dombeya kirkii, pamoja na jamii ya mkole, na pinde zao huhitaji nguvu ya takriban kilo 30 kuzivuta. Kaskazini ya dunia, Waingereza walitegemea Taxus baccata, mti wa nchi za baridi ambao ubao wake wa nje hunyooka vizuri na kiini chake hubanika vizuri, hivyo fundi huacha vyote viwili katika upinde mmoja. Mti huo uliwaadimikia mno hata mwaka 1472 ikatungwa sheria kuwa kila tani ya shehena inayoletwa na merikebu kutoka nchi zenye miti hiyo iambatane na vipande 4 vya mti wa pinde. Merikebu yao ya vita Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuibuliwa mwaka 1982, ilikutwa na pinde nzima zaidi ya 130, nyingi zikikaribia mita 2 kwa urefu. Hizo nazo ni pinde za mti mtupu. Aliyeona hayo hatauita upinde wa mzee wa Momba mchezo wa watoto.

Je, upinde wa kigeni una karaha?

Sasa tuurudie upinde wa Kiarabu na usio wa Kiarabu, maana hapa ndipo ustadhi yule alipojikwaa. Ibn Majah amepokea kutoka kwa Ali (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alimwona mtu na upinde wa Kiajemi akamwamuru autupe na ashike ule wa Kiarabu. Wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake. Pamoja na hivyo, wapo waliokuja kuichukua kwa dhahiri yake, na Ibn al-Qayyim katika kitabu chake al-Furusiyya ameijadili kwa urefu. Kauli iliyotulia kwa jumhuri ni kwamba hakuna ubaya kutumia upinde wowote. Waliokubali kuijadili maana yake walisema kuwa ulikuwa upinde wa maadui siku zile, na sababu hiyo iliondoka pale Uajemi iliposilimu na Waislamu wakawa wanapigana kwa pinde hizo hizo.

Imamu Shafi ndiye hoja yetu kubwa hapa, kwa kuwa sisi watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki wengi wetu tuko katika madhehebu yake, naye alikuwa mtupaji. Imepokewa kuwa katika ujana wake hamu yake ilikuwa katika mambo mawili, mishale na elimu, na kwamba katika mishale 10 alikuwa akipata yote 10. Mwanafunzi wake al-Muzani anasema kuwa hakuna aliyemtangulia kuutungia kitabu mlango wa mashindano ya kutupa. Katika mlango huo, ndani ya al-Umm, aliruhusu mwenye upinde wa Kiarabu ashindane na mwenye wa Kiajemi, na akasema hapana ubaya mtu kusali upinde ukiwa begani maadamu haumshughulishi. Mtu aliyeingia katika mambo madogo kiasi hicho hakusema kuwa ibada hii ina mti wake maalumu.

Tena tarehe ina ushahidi mwingine. Waislamu walipofika Nubia katika karne ya kwanza walikutana na wapiga mishale Waafrika ambao hawakuwa wamewahi kuona mfano wao. Al-Baladhuri ameandika jinsi askari wengi walivyopofuka kwa mishale yao, hata Waarabu wakawaita Wanubi watupaji wa mboni za macho. Mambo yaliishia katika mkataba wa baqt aliouweka Abdallah bin Sa'd bin Abi Sarh mwaka wa 31 Hijria (652). Hawakuudharau upinde wa Mwafrika waliouona kwa macho yao. Anaudharau aliyekuja baada ya karne 14.

Ama upinde wa pembe na kano, ambao Waajemi na Waturuki waliufikisha kileleni, ni kazi ya ajabu. Lakini umeunganishwa kwa gundi, na unyevunyevu wa mvua zetu za masika ungeilegeza. Nchi yenye mvua kama nyanda za Mbozi na Ileje upinde wake ni wa mti.

Pinde mbele ya magobori

Iko sehemu ya habari hii ambayo Waislamu wengine hupenda kuipita haraka, na kuificha si uadilifu. Nchi iliyoko kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, yaani nchi ya Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na jirani zao, ilipitiwa na misafara ya pembe na watumwa katika karne ya 19. Baadhi ya wenye misafara hiyo walikuwa na majina ya Kiislamu. Kusini kidogo ya mto Songwe, huko Karonga, Mlozi bin Kasbadema na watu wake waliwashambulia Wangonde mwezi wa Oktoba 1887 na kuua wengi, kisha vita vikaendelea mpaka yeye mwenyewe aliponyongwa na Waingereza Desemba 1895. Wenyeji wa nchi hizi walikuwa na mikuki na pinde. Waliowajia walikuwa na magobori.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi qudsi iliyomo katika Bukhari, ametufikishia kuwa Allah atakuwa hasimu wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Hukumu ya misafara ile iko wazi, na jina la mtu halimwokoi. Basi Mwislamu anapoingia nyumba ya mzee wa Momba akauona upinde juu ya kenchi, aelewe kuwa kitu kile kilishikwa na mababu wa mzee huyo kuwalindia watoto wao, na kwamba kuuita silaha ya makafiri ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Hatujui ni kitu gani kilichomzuia babu yule kusilimu mpaka uzeeni. Hatukumuuliza.

Mti, chembe na sumu

Sasa tufike kwenye nyama. Msingi wa mlango huu ni hadithi ya Adiyy bin Hatim (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya mi'radh, mshale mzito usio na manyoya, akajibiwa kuwa kilichopigwa kwa makali yake ukapenya kiliwe, na kilichopigwa kwa ubavu wake kikafa kisiliwe, kwani hicho ni mnyama aliyekufa kwa kipigo. Kutoka hapa wanazuoni wakaweka kanuni kwamba mauti lazima yatokane na kukata au kutoboa. Mshale wa mti uliochongwa ukawa mkali unatosha hata bila ya chuma, kwa hadithi ya Rafi' bin Khadij (r.a.) iliyoruhusu kila chenye kumwaga damu isipokuwa jino na ukucha. Lakini ile mishale butu ambayo vijana wetu huitumia kwa ndege, yenye kichwa kama rungu, hukumu yake ni ya kipigo. Ndege aliyeanguka akiwa hai achinjwe, aliyekufa aachwe. Maimamu wa vijijini tunawaomba walitangaze hili, maana tumeona linafanyika kila mahali.

Hapa ndipo mti unapoingia katika hukumu. Upinde dhaifu, wa mti mlaini au uliochongwa vibaya, hautobozi. Unapiga. Na mwindaji mwenye upinde usiotoboza hutafuta msaada, na msaada ulio karibu porini ni sumu.

Sumu za mishale za Afrika Mashariki ni kali. Kaskazini, hasa nchini Kenya, hupikwa kwa mti wa msungu. Kusini, kuanzia nchi yetu hadi mto Zambezi, hutokana na mbegu za Strophanthus, na ile ya nchi ya Shire iliitwa kombe. John Kirk, daktari aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, aliweka mswaki wake mfuko mmoja na kombe. Alipoutumia akasikia ladha ya uchungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Huyu ndiye Kirk yule yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar na kumshinikiza Sayyid Barghash kufunga soko la watumwa mwaka 1873. Kutokana na kombe madaktari wa Ulaya walipata dawa ya moyo.

Wawindaji husema, na ni kweli, kuwa nyama ya mnyama aliyekufa kwa sumu hiyo haimdhuru mlaji, akishakata pande la nyama lililozunguka jeraha. Kwa hiyo hushangaa wanapoambiwa pana tatizo. Lakini mwanafiqhi haulizi kwanza kama nyama inadhuru. Anauliza mnyama amekufa kwa nini. Wanazuoni wa Kishafi wamesema kuwa aliyekufa kwa mshale na sumu kwa pamoja amekufa kwa sababu mbili, moja inahalalisha na nyingine inaharamisha, na zikikutana huangaliwa ile ya kuharamisha. Ibn Qudama, katika al-Mughni, anasema halali haipatikani iwapo dhana yenye nguvu ni kwamba sumu imesaidia kuua. Kanuni hiyo hiyo tunaiona katika hadithi ya Adiyy: mnyama aliyepigwa mshale akaangukia majini haliwi, kwa kuwa haijulikani kama ni maji au mshale uliomuua. Njia iliyobaki wazi ni moja, mwindaji amfikie akiwa na uhai uliotulia, amchinje.

Hatupendi kuzidisha. Upinde bora wa mkole hauwezi kumfanya kila mnyama aanguke bila sumu. Watu wa porini wenye pinde kali kuliko zote, kama Wawaata wa Tsavo waliowinda tembo, walitumia sumu pia. Lakini kwa swala, funo na wanyama wa kiasi chao, upinde imara wenye chembe kali ya chuma unatosha. Wanyiha walikuwa wahunzi waliojiyeyushia chuma chao wenyewe, basi chembe hazikuwa tatizo kwa nchi hii. Ilibaki mti. Aliyesubiri mwaka mzima kupata shina la mkole la kwenye mawe alikuwa, bila ya kujua, anajisogeza karibu na halali kuliko aliyekata mti wa kwanza aliouona akategemea kombe.

Serikali nayo, kwa sababu zake za kuhifadhi, inakataza silaha za sumu katika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na hairuhusu kuwinda bila kibali kwa silaha yoyote ile. Kumtii mwenye mamlaka katika jambo lisilo la maasi ni wajibu, basi kijana asitoke na upinde wa babu usiku kwa hoja kwamba ni Sunna.

Liko onyo moja jingine kuhusu miti yenyewe. Katika sehemu nyingi mti wa upinde haukukatwa bila ya tambiko, na mwindaji alifunga hirizi kwenye upote ili mshale usikosee. Wakati wa safari ya Hunayn, baadhi ya waliosilimu karibuni waliuona mti uitwao Dhatu Anwat, ambao washirikina walikuwa wakitundika silaha zao kuutafutia baraka, wakamwomba Mtume (s.a.w.) nao wawekewe wao. Alilifananisha ombi lao na lile la Bani Israil kwa Musa (a.s.) walipotaka wafanyiwe mungu. Na katika Bukhari na Muslim imo amri yake ya kukata pote zilizofungwa shingoni mwa ngamia, ambazo Imamu Malik alifahamu kuwa zilifungwa kwa kuogopa jicho. Mti ni mti, upote ni upote.

Tulimweleza mzee hukumu ya sumu, kwa upole kadiri tulivyoweza, mjukuu wake akitusaidia kwa Kinyamwanga pale Kiswahili chetu kilipokuwa kizito. Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza: "Na miaka yote ile niliyowalisha hawa?"

Tukamwambia kuwa aliyefanya bila kujua, na hakuwa na wa kumfundisha, hana dhambi katika lililopita, na kwamba lawama ni juu yetu tuliokuwa Tunduma miaka yote, mwendo wa siku moja tu, bila ya kuteremka. Hakujibu. Alinyanyuka, akautoa upinde juu ya kenchi, akaulegeza upote wake, kwani upinde uliokaa umefungwa siku zote huchoka, akampa kijana. Akamwambia mti huo sasa ni mkavu mno, utavunjika akiuvuta hadi sikioni. Kiangazi kikifika atamwonyesha mahali penye mawe, akate wake.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.